Pumzi Mbili Kwenye Wimbo wa Dirisha

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako, ambaye amesimama nyuma yangu kuhakikisha kwamba nimemtaja. Kikohozi chake kimekwisha. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua, na linakosea kila mara. Kitinda mimba wetu amepata kazi kwenye duka la dawa, sasa mtu hawezi kupiga chafya humu ndani bila kupewa ushauri. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima, na pasi zako bado zina moto.

Huku mambo ni ya kheri. Mwezi wa sita kipindi changu kinatimiza miaka ishirini hewani. Meneja wa kituo ameahidi kipindi maalumu cha saa mbili nzima, wageni wakiwa studioni, na picha yangu itatundikwa kwenye korido kati ya mlango wa studio na mlango wa choo. Shemeji yako anasema nafasi hiyo ni nzuri kuliko zote, maana hakuna asiyepita. Mimi naona ni heshima. Nilianza kwa kupuliza saksafoni kwenye kumbi za dansi, nikaja kuimba mbele ya bendi ya watu kumi na wanne, na leo naingia majumbani mwa watu kila Jumapili saa nne asubuhi. Nafungua kipindi vilevile siku zote: nawaambia saksafoni yangu iko hapa kando, nimeipangusa asubuhi hii, kisha nawagongea vibonyezo vyake waisikie. Wanapenda kweli.

Sasa nikuchekeshe. Kuna msikilizaji ameniandikia, anajiita Mwalimu wa Muziki. Anasema ameusikiliza Wimbo wa Dirisha tangu utotoni na kuna jambo linamtatiza. Mwisho wa ubeti wa pili, pale pa "mimi bado niko njiani", neno linavutwa, na kabla sauti haijakatika saksafoni imeshaingia chini yake. Anauliza hivi: kama tulirekodi kwa maikrofoni moja na utepe mmoja, wote kwa pamoja, kama ninavyosimulia mwenyewe, na kama mwimbaji na mpuliza saksafoni ni mtu mmoja, pale mtu huyo alikuwa anapumua vipi?

Nilimjibu jana hewani. Nikasema masikio ya mwalimu huyo yanahitaji kuoshwa, na wanafunzi wake nawaonea huruma. Afadhali awafundishe kupiga makofi tu. Fundi mitambo alicheka hadi akashika mbavu.

Ila nimeona nikutaarifu. Mama wa maktaba ya kituo anawatafuta watu wa enzi zile kwa ajili ya kipindi maalumu, na wengi wetu wameshatangulia. Akikufikia, mwambie siku ile ulileta makoti ya bendi, ukaondoka. Mengine huyakumbuki. Si uongo mkubwa, makoti ulileta kweli.

Kaka yako

6 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembeni, nikaipitisha pasi kabla ya kuifungua. Mazoea yana taabu. Sisi ni wazima wa mwili, mama watoto anakusalimu. Hospitali imeturudishia kazi ya mashuka, na siku hizi napiga pasi nimekaa, maana miguu inavimba. Hongera kwa kitinda mimba.

Umenieleza habari za Mwalimu wa Muziki. Nilisoma mara mbili, kisha nikatoka nje kidogo.

Mwalimu wa Muziki ni binti yangu. Ni yule uliyempakata siku ya arobaini yake ukasema ana paji la uso la mama. Sikumtuma. Hakuandika jina kwa sababu hakutaka ajibiwe kwa kuwa wewe ni baba yake mkubwa. Alitaka ajibiwe kwa kuwa ameuliza vizuri.

Alikuwa amewaambia wanafunzi wake wasikilize redio Jumapili ile, kwamba huenda barua yake itasomwa. Wakasikiliza. Jumatatu alipoingia, darasa zima lilisimama likampigia makofi. Watoto arobaini na wawili. Alisimama mlangoni na chaki yake mkononi mpaka walipochoka, na mwalimu mkuu alikuwa dirishani anacheka. Wiki iliyofuata akaomba aondolewe kwenye muziki. Sasa anafundisha hesabu. Filimbi za shule amezifungia kabatini, ufunguo kaukabidhi ofisini.

Alikuja dukani akakaa juu ya mafurushi ya nguo, akaniambia, "Baba, kama nasikia kitu ambacho hakipo, tena kwenye wimbo ninaoujua kuliko jina langu, nitamwambiaje mtoto wa mtu kwamba amekosea noti?"

Nilikuwa na shuka mbele yangu. Nikaendelea kulipiga pasi, na lilikuwa limeshanyooka. Nikimwambia anayeimba pale ni nani, ataniuliza kwa nini nimenyamaza miaka arobaini, na jibu la swali hilo halipo kwangu.

Ni kweli nilileta makoti. Yalikuwa kumi na manne, nimeyapiga pasi mwenyewe, kwa ajili ya picha ya jalada la santuri. Lakini makoti hayaimbi, kaka.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na kwa mwanangu huyo zaidi ya wote, ingawa sijui salamu zangu atazipokea kwa mkono gani. Barua yako ilinikuta mezani. Shemeji yako aliuliza kama chakula kina chumvi nyingi, nikasema ndiyo, akaonja, akaniangalia.

Aibu niliyonayo sijui niifiche wapi. Nimemchekesha fundi mitambo kwa mgongo wa mtoto wangu mwenyewe.

Sina sababu ya kukuficha wewe uliyekuwepo. Siku ile sauti yangu ilikuwa imekauka, nimeimba dansi siku tatu mfululizo. Kupuliza niliweza, kuimba sikuweza hata neno. Studio tulipewa kwa saa moja tu. Kijiti, kiongozi wetu, alikuwa ananguruma, ngoma zimefunikwa blanketi, tarumbeta imesukumwa mpaka mlangoni isimeze wengine. Na hapo mlangoni ulikuwa wewe na makoti yako. Mimi ndiye niliyesema, "Mwacheni huyu aimbe. Tunalala chumba kimoja, wimbo anaujua." Wewe ambaye kigugumizi kinakukamata hata ukiomba maji, ukaweka makoti juu ya kiti, ukaimba beti zote mbili bila kukwama hata herufi. Mara moja tu, tukamaliza.

Nilikuahidi jina lako litakuwepo kwenye jalada. Likatoka langu. Nikasema tutarekebisha kwenye toleo la pili. Na wewe unajua sauti zetu zilivyofanana. Mama alikuwa akiita kutoka jikoni, akiitikiwa hajui kaitika nani. Nilipouimba wimbo ule jukwaani hakuna aliyeshtuka, na wenzetu walinyamaza kwa sababu sifa ilikuwa ya bendi. Baadaye redio wakanichukua kwa ajili ya wimbo huohuo. Nimevaa kilemba cha ukoka mpaka nikasahau kwamba ni majani.

Nimetuma kifurushi kwa mwanangu. Kina santuri sita nzuri na barua ya kumwambia kwamba masikio yake hayana kasoro, mimi nilitania tu. Mambo ya hewani tuyaache mpaka kipindi maalumu kipite. Ni miezi mitatu tu. Nielewe.

Kaka yako

2 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini kimya hiki si cha ugonjwa. Miguu inaendeleaje? Sisi hatujambo. Mvua imetoboa paa juu ya chumba cha wageni, tumeweka ndoo.

Kifurushi kimerudi. Kimefungwa upya, na karatasi imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, kwa hiyo najua ni mikono ya nani.

Ngoja nikueleze jambo ambalo sijamwambia hata shemeji yako. Mama wa maktaba amelipata jalada la santuri yetu, safi kabisa. Tumesimama kumi na wanne ndani ya makoti yako, tunameta. Upande wa kulia, pembeni kabisa, umeingia mkono wa mtu mmoja, umeshika henga tupu ya koti. Mama akauliza, "Na huyu ni nani?"

Nikamjibu, "Dobi."

Akaandika. Nilikwenda kunawa uso, nikarudi, nikaendelea kumtajia majina ya wengine. Sikusema uongo, na bado tangu siku ile siwezi kumwangalia yule mama machoni.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata ukinitukana.

Kaka yako

19 Mei

Kaka,

Shikamoo. Miguu ni ileile. Mama watoto hajambo. Pole kwa paa.

Kifurushi nilikirudisha mimi, binti hajakiona. Unamtukana mtu redioni, halafu unamsifu kwenye bahasha? Na baba mkubwa hamtanii mwanawe, hilo tulifundishwa sote kwenye nyumba moja.

Unafikiri nataka sauti yangu. Nina miaka sitini na mitatu, niko kwenye joto la pasi tangu asubuhi, sauti ya ujana nitaifanyia nini? Nataka watoto arobaini na wawili waambiwe kwamba mwalimu wao alisikia sawa. Waambiwe palepale walipoambiwa kwamba hasikii. Huwezi kumsafisha yeye ukabaki msafi wewe. Nimefua nguo za watu maisha yangu yote, uchafu ukitoka kwenye shati lazima uingie kwenye maji.

Ukishindwa, sitakulaumu kwa mtu yeyote. Ila usiniandikie tena kuhusu picha ya korido.

Mdogo wako

22 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Sijui kama mlisikiliza jana. Kama hamkusikiliza, haya ndiyo yaliyotokea.

Wageni walikuwa tisa, meneja kavaa suti, mezani kuna maua. Nilifungua kipindi kama kawaida. Nikapiga hadithi zangu za kumbi na safari, watu wakacheka. Mwamba ngoma huvutia kwake, nami nimevutia kwangu miaka ishirini, mikono inajua kazi yenyewe. Kisha ukaja Wimbo wa Dirisha. Ulipofika kwenye "njiani" nikamwambia fundi mitambo, "Simamisha. Rudisha nyuma kidogo." Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena. Mara ya tatu meneja akaanza kutazama saa.

Nikasema, "Hapo kuna pumzi mbili. Anayepuliza ni mimi. Anayeimba ni mdogo wangu, wa tumbo moja, na jina lake nililificha. Mwalimu wa Muziki aliyeniandikia mwezi wa pili alisikia sawasawa, na mimi nikamtukana mbele yenu kwa sababu alisikia sawasawa. Wanafunzi wake kama mnanisikia, mwalimu wenu ana masikio mazuri kuliko sisi wote. Mwalimu huyo ni mwanangu, na hilo nililijua baada ya kumtukana, ambalo nalo ni aibu, maana kumbe nilikuwa tayari kumfanyia hivyo mtoto wa mtu mwingine."

Kimya redioni ni kosa kubwa, tunafundishwa siku ya kwanza. Jana kilikuwepo, na hakuna aliyejua akitoe vipi. Fundi mitambo akapapasa akaweka wimbo wowote, ukaja wa harusi.

Simu zililia mpaka jioni. Mwanamke mmoja hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunampenda nani?" Meneja ameniambia nipumzike mpaka nitakapoitwa, na picha bado iko kabatini. Leo asubuhi nilikwenda kununua mkate. Muuzaji ambaye kila Jumatatu hunitania kuhusu kipindi alinipa mkate na chenji, basi. Nilitembea nyumbani nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Sijisikii mwepesi kama watu wanavyosema. Lakini nimesema.

Kaka yako

10 Julai

Kaka,

Shikamoo. Sote tulisikiliza. Poleni kwa yanayowapata. Mwambie shemeji tunamuombea, maana kukaa na wewe nyumbani kutwa nzima si kazi ndogo.

Binti alikuwa amesikia tangazo la kipindi maalumu. Mimi nilimwambia tu asikose kusikiliza, sababu sikumpa. Aliipeleka redio yake shuleni Jumapili ile akawaita wanafunzi. Walikuja thelathini na mmoja. Uliporudisha wimbo mara ya tatu akawaambia wafumbe macho, kila mmoja ainue mkono akisikia pumzi ya pili. Wakainua wote. Ulipomaliza kusema hakuna aliyepiga makofi. Kesho yake alikwenda ofisini akachukua ufunguo wa kabati.

Kisha akaja dukani, akasimama karibu na meza ya pasi, akasema, "Baba, imba." Nilijaribu kumwambia nina kazi. Nilikwama kwenye neno la kwanza, likagoma kabisa, na yeye akangoja mpaka nikalitoa. Sikuimba.

Anataka uje. Watoto bado wanabishana, wanataka waone kwa macho mtu mmoja anaimba na mwingine anapuliza. Amesema, "Baba mkubwa aje na saksafoni yake ile anayoipangusa kila Jumapili." Sijamjibu.

Sijamjibu kwa sababu kuna neno hukulisema. Umesema hewani kwamba ulilificha jina langu. Hilo nilishalimeza zamani. Wiki tatu baada ya santuri kutoka nilimwomba Kijiti aniingize kwenye bendi. Akaniambia atakuuliza wewe. Siku aliyokuuliza nilikuwa nimekuja ukumbini kuchukua makoti. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Nilisikia ulivyojibu. Niliyaacha makoti, mkatafuta dobi mwingine, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Sitakuandikia ulisema nini. Wewe unajua. Kama umesahau, usije.

Mdogo wako

18 Julai

Mdogo wangu,

Leo sina habari za goti wala za paa.

Sijasahau. Kijiti alikuwa amekaa juu ya kasha la ngoma. Alisema, "Kuimba anaimba, nimemsikia. Lakini mwimbaji lazima aongee na watu kati ya nyimbo. Mdogo wako ataweza?"

Nikasema, "Huyo? Salamu tu itamchukua mpaka alfajiri. Watu watacheka, bendi nzima itakuwa kichekesho. Mwacheni na pasi zake." Kisha nikakuigiza. Nilikuigiza unavyokwama kwenye neno "habari", na kichwa chako kinavyotikisika. Walicheka. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, ili na wao wacheke.

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Nilikuwa na uwezo wa kumwambia Kijiti, "Yeye aimbe, kuongea nitaongea mimi." Ningesimama kando yako, na kwa kuongea nimekuja kula miaka ishirini. Wazo hilo lilinijia palepale, nikalinyamazisha. Niliogopa kwamba ukisimama mbele mara moja tu, mimi nitarudi nyuma na wapulizaji wengine maisha yangu yote. Sikujua kwamba ulikuwa mlangoni. Na ningejua, nadhani ningelisema jambo lilelile, ila kwa sauti ndogo.

Sasa kuna la mwisho, na hili halijui mtu isipokuwa shemeji yako na fundi mitambo. Saksafoni sina. Meno ya mbele yaliponitoka sikuweza tena kupuliza, nikampa mwenzetu mmoja aliyehamia mbali. Ni miaka kumi na saba. Ule mlio mnaousikia kila Jumapili, wa vibonyezo, ni kijiko na kikombe changu cha chai. Nimekuwa napangusa hewa.

Kwa hiyo watoto hawataona watu wawili. Mwambie mwanangu ukweli huo kabla sijafika, nisije nikapata nafasi ya kuupamba. Nitafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, asubuhi. Nitakaa kwenye dawati la nyuma. Ukitaka kuimba, imba. Ukikwama, nitangoja kama wanavyongoja wengine. Katika maisha yetu yote nimekusikia ukiimba nikiwa na saksafoni mdomoni, nikisubiri zamu yangu. Kukusikiliza, mdogo wangu, sijawahi hata siku moja.

Kaka yako